Kujenga Kwenye Kiwanja cha Mtu: Kisa cha Leseni ya Qt

Ukifungua VLC kwenye kompyuta ya Windows au Linux, vile vitufe na menyu unavyoviona havikuchongwa na watu wa VLC wenyewe. Vimetoka Qt, mkusanyiko wa zana za kuundia programu unaomwezesha mtu aandike programu mara moja, ikafanya kazi kwenye mifumo tofauti ya kompyuta. Kazini nasikiliza mahojiano kwa VLC karibu kila siku, na sikuwahi kujiuliza nani anailipia Qt. Nilipoanza kufuatilia, nikakuta ugomvi wa miaka mingi uliozunguka kurasa chache tu za leseni. Sisi wapenda vitabu huwa hatuhesabu leseni kuwa ni maandishi. Tunabofya "Nakubali", basi. Lakini hii ilisomwa neno kwa neno, na watu wakanuniana kwa sababu yake.

Kisa kinaanzia Norway. Kiangazi cha 1990, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wakitengeneza programu ya kuhifadhi taarifa za picha za ultrasaundi. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows, na siku hizo hiyo ilimaanisha kuandika upya sehemu ya madirisha na vitufe kwa kila mfumo. Wakiwa wamekaa kwenye benchi siku moja, wakapata wazo la kutengeneza zana yao wenyewe. Kampuni, ambayo baadaye ilijulikana kama Trolltech, waliianzisha 1994. Wake zao walikuwa na ajira, wakakubali kuwabeba kwa miaka miwili mpaka mambo yakae sawa. (Historia za teknolojia hupenda kutaja gereji. Mshahara wa mke hautajwi sana.) Toleo la kwanza la hadharani lilitoka Mei 1995, na Machi 1996 Shirika la Anga la Ulaya likanunua leseni kumi.

Masharti yao yalikuwa hivi. Ukiandika programu ya biashara, unalipa kwa kila mwandishi wa programu anayetumia Qt, na ukishalipa, unauza nakala zako unavyotaka bila kudaiwa tena. Ukiandika programu huria ya Unix au Linux, hulipi kitu, na hata msimbo wenyewe unaruhusiwa kuusoma. Ila huruhusiwi kuubadilisha Qt na kusambaza toleo lako ulilolibadilisha. Watumiaji wa Windows hawakuwa na nafuu hiyo.

Kwa vijana waliokuwa wakila mishahara ya wake zao, hiyo bei naiona ya haki kabisa. Tatizo lilikuja pale mtu mwingine alipoamua kujenga nyumba kubwa juu ya kiwanja hicho.

Mtu huyo ni Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani. Oktoba 1996 alitoa tangazo la kutafuta waandishi wa programu wa kujitolea ili wajenge KDE, eneokazi zima la Linux ambalo mtu wa kawaida angeweza kulitumia. Wakati huo kila programu ya Linux ilikuwa na sura yake na tabia zake. Ettrich aliichagua Qt kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwao ilikuwa bure.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja kwa vitu viwili. Sisi tuna "bure" na tuna "huru". Qt ilikuwa bure. Haikuwa huru. Wapinzani wa KDE walikuwa wakisema jambo hilohilo kwa aya ndefu: mtakesha miaka mkijenga, halafu kampuni iuzwe, au ibadili masharti, au ife tu, mbaki na nyumba kwenye ardhi ambayo hati yake hamna.

Agosti 1997 wapinzani hao wakaacha maneno. Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakaanzisha eneokazi la kushindana nalo, GNOME, juu ya zana nyingine iitwayo GTK. Na GTK nayo ilikuwa mtoto wa gharama. Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley, walikuwa wameandika programu yao ya picha, GIMP, kwa kutumia Motif, zana ya kulipia. Mattis alipochoka na Motif akaandika zana yake, nayo ikatolewa kwa leseni huria ya LGPL. Kwa hiyo Linux ikapata maeneokazi mawili makubwa, na mgawanyiko huo upo mpaka leo. Wageni wanaoingia Linux huuliza kwa nini wachague kati ya viwili. Jibu ni leseni.

Mwaka 1998 mambo yalipamba moto. Oktoba, Debian, mradi unaosambaza Linux, ukaiondoa KDE kwenye hazina yake: kwa usomaji wao, leseni ya KDE, yaani GPL, na ile ya Qt zilikuwa zinapingana, hivyo kuzisambaza pamoja ni kosa. Trolltech wakaandika leseni mpya, QPL. Ilikuwa huria kweli, ila nayo ikagombana na GPL. Septemba 2000 ndipo wakakubali kuitoa Qt ya Unix kwa GPL yenyewe. Ungetegemea watu washangilie na kwenda kulala. Richard Stallman, baba wa GPL, akaandika kwamba waliokuwa wamevunja masharti huko nyuma walihitaji msamaha wa wenye haki, na kwamba taasisi yake, kwa msimbo wake, inawasamehe. Sijui kama kuna njia ya uhakika zaidi ya kumuudhi mtu kuliko kumsamehe kabla hajaomba.

Lakini andiko ninaloliheshimu kuliko yote ni la Juni 1998, kabla ya hayo. Trolltech na KDE walianzisha mfuko wa pamoja na kuandikishana: kampuni ikiacha kutoa toleo la bure kwa miezi 12, mfuko una haki ya kuitoa Qt kwa leseni ya BSD, inayomruhusu yeyote kuitumia karibu atakavyo. Ni wosia uliosainiwa na mtu aliye hai na mzima.

Wenye hofu hawakuwa wamekosea. Mwaka 2008 Nokia, hii hii ya simu ya tochi, iliinunua Trolltech. Wao walikuwa wanauza simu, leseni hazikuwa chakula chao, hivyo 2009 wakaiweka Qt kwenye LGPL na hata programu za biashara zikaweza kuitumia bila kulipa. Ukarimu huo haukudumu. Februari 2011 Nokia ikahamia kwa Microsoft, na 2012 Qt ikauzwa kwa Digia, kampuni ya Finland, ambako baadaye ilizaliwa The Qt Company. Hawa hawana simu za kuuza. Wanaishi kwa leseni, kama wale wawili wa mwanzo.

Januari 2020 walitangaza kwamba matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu yatakuwa ya wanaolipa tu. Aprili, katikati ya korona, mwakilishi wa KDE akaeleza kuwa kampuni inafikiria kuchelewesha matoleo yote ya bure kwa miezi 12. Kampuni ikajibu kwa maneno machache kwamba hiyo si mipango yake. Ukiwa umesoma andiko la 1998, namba ile 12 inakugonga.

Kwa Qt 5.15, marekebisho ya wanaolipa yalifika kwa umma takriban mwaka mmoja baadaye. KDE hawakusubiri. Kuanzia 2021 wamekuwa wakikusanya viraka wenyewe na kuvishona kwenye nakala yao ya Qt, jambo ambalo leseni ya 1995 ilikuwa imewakataza.