Kanisa la Kisiwa cha Bwama na Neno "Mkoma"

Inapozungumzwa historia ya Ukristo nchini Uganda, aghalabu hutajwa Namirembe, Rubaga na Namugongo. Ni nadra kutajwa kanisa dogo la kisiwa cha Bwama katika Ziwa Bunyonyi, ingawa lina funzo kubwa kwetu sisi tunaosomesha lugha.

Kufika huko kutoka Kasese ni safari ya siku nzima. Msafiri hupitia Ishaka na Ntungamo hadi Kabale, kisha huteremka hadi Rutinda na kupanda mtumbwi. 

Mwaka 1921 madaktari wawili Waingereza wa Church Missionary Society, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale. Waliwakuta wagonjwa wa ukoma wakiogopwa na kuepukwa na jamaa zao. Mwaka 1931 Sharp alianzisha makao ya wagonjwa hao kisiwani Bwama. Palikuwa na kijiji chao, mashamba, mahali pa matibabu, na kanisa.

Wakati huo ukoma haukuwa na dawa ya kuuponya. Wagonjwa walidungwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, zenye maumivu mengi na nafuu kidogo. Kwa hiyo aliyevushwa kwenda Bwama hakujua kama angerudi kwao. Katika hali hiyo, kanisa lilikuwa mahali ambapo mgonjwa aliitwa kwa jina lake, akaimba na wenzake, wala hakuna aliyemkimbia.

Lakini tusiisifu historia hii kupita kiasi. Katika ziwa hilo hilo kipo kisiwa cha Akampene, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe. Bwama haikuwa Akampene, kwani ilianzishwa kwa huruma. Hata hivyo, kutengwa kwa huruma nako ni kutengwa.

Dawa ya dapsone ilianza kutumika miaka ya 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa dawa tatu unaoponya ukoma kabisa. Makao ya Bwama yakafungwa katika miaka hiyo, na kisiwa kikawa mahali pa shule.

Ukoma ulipata dawa, ila neno limebaki. Kamusi zetu bado zina neno "mkoma". Tazama ngeli inavyofanya kazi hapa: kwa kiambishi kimoja tu, mtu hugeuka kuwa ugonjwa wake, kana kwamba hana jina, ukoo wala kijiji. Tukisema "mwenye ukoma" au "mgonjwa wa ukoma", mtu hubaki mtu, na ugonjwa huwa jambo linaloweza kumtoka.

Sisi wa Kasese tunalielewa jambo hili. Mwezi Juni 2019, wagonjwa wa Ebola waliotoka Kongo walitengwa katika hospitali ya Bwera, na ilikuwa lazima kufanya hivyo. Lakini mgonjwa hutengwa kwa siku kadhaa, ilhali jina baya humtenga mtu maisha yake yote.

Basi, walimu na wanafunzi, tunapofundisha ngeli ya M-WA tusiishie kwenye upatanisho wa kisarufi. Tuulize pia: neno hili linamwita mtu, au linampeleka kisiwani?