Kujiangusha

Kitenzi hiki kimetokana na anguka: kauli ya kutendesha huzaa angusha, na kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake. Katika mpira wa kikapu, anayejiangusha ameguswa kidogo tu, au hakuguswa kabisa, lakini hurusha mikono, hupiga yowe na kulala chali ili refa apulize filimbi. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilianza kuwatoza faini wanaojiangusha msimu wa 2012–13. Tangu 2023–24 wapinzani hupewa mtupo huru mmoja papo hapo. Ni haki kabisa, maana aliyelala amewaacha wenzake wanne walinde kikapu peke yao. Ushindi huletwa na wachezaji wote watano kushirikiana: San Antonio Spurs waliifunga Miami Heat ya LeBron James kwa michezo 4–1 katika fainali za NBA za 2014 kwa kupigiana pasi za haraka.