Kulipa ni Kutuliza

Dawa ya deni ni kulipa, husema wahenga. Kwao deni ni maradhi, na malipo ndiyo tiba. Neno la Kiingereza "pay" lina nasaba iliyo karibu na fikra hiyo. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, "pacare", yaani kutuliza au kusuluhisha, kitenzi kilichozaliwa na "pax", amani. Kwa asili, basi, aliyelipa ni yule aliyemtuliza mwenye kumdai.

Historia ya Uzaramo, nchi inayokusanya Kisarawe na sehemu ya Kibaha, yatupa mizani ya kuipimia maana hiyo. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilianzisha mashamba ya pamba ya vijiji katika bara ya Dar es Salaam. Watu walilimishwa kwa amri, wakisimamiwa na majumbe na maakida. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: la wakulima, la jumbe na la wilaya. Kwa kazi ya mwaka mzima mkulima aliambulia senti 35 za rupia. Wako waliokataa kuzipokea.

Fukara haachi fedha ya jasho lake ila aonapo kwamba kuipokea ni kukiri kuwa hadai tena. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, Vita vya Maji Maji vikazuka, na moto wake ukafika Uzaramo.

Kiswahili nacho kilikwisha kutuonya. Katika "lipa" mna malipo, na mna kulipiza. Ujira na kisasi ni ndugu wa tumbo moja. Ama "fidia", tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ni kikomboleo. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani huitoa kwa kulisha maskini, naye akabaki na dhamiri iliyotulia.

Neno hilo ndilo lililomo katika Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zinazotaka fidia iwe kamili, ya haki na isiyocheleweshwa. Mwaka 2009, huko huko Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ili ilime mibono ya mafuta. Mwaka 2011 mradi ukaanguka, na wanavijiji wakabaki wakilalamikia fidia na ahadi za visima na zahanati.

Kwa hiyo hesabu ya fedha peke yake haitoshi kutwambia kama mtu amelipwa. Sharti aulizwe aliyepokea, kama moyo wake umetulia.