Uani kwa Bibi, Kabla ya Darasa la Awali

Sisi watoto wa Nyalikungu, hapa Maswa, Tanzania, tulifundwa kuishi na wenzetu kabla hatujaisikia chekechea. Mvua za Novemba zikianza, wazazi walikwenda kupanda pamba, nasi tukabaki uani kwa bibi. Bakuli la michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, lilikuwa moja. Mkubwa aligawa, yeye akachukua mwisho; akipunja wenzake, kesho kazi anapewa mwingine. Waliopigana walikalishwa mkeka mmoja mpaka wacheke.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilitaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Tangu 2016 halina ada katika shule za serikali. Mwalimu sasa ana watoto wengi kuliko bibi, lakini zamu ya kugawa uji ingali somo zuri.