Van Helsing (filamu)

Van Helsing ni filamu ya mapigano na kutisha ya mwaka wa 2004 kutoka nchini Marekani. Iliandikwa na kuongozwa na Stephen Sommers, na kusambazwa na Universal Pictures. Waigizaji wakuu ni Hugh Jackman (Gabriel Van Helsing), Kate Beckinsale (Anna Valerious), Richard Roxburgh (Dracula), David Wenham (Carl) na Shuler Hensley (kiumbe wa Frankenstein). Muziki ulitungwa na Alan Silvestri.

Hadithi

Van Helsing ni mwindaji wa mazimwi anayetumwa kwa siri kutoka Vatikani. Hakumbuki maisha yake ya zamani. Anapelekwa Transylvania kumuua Dracula na kumlinda Anna, ambaye jamaa zake waliokufa hawawezi kuingia mbinguni mpaka Dracula auawe. Watoto wa Dracula huzaliwa wafu, hivyo anamtafuta kiumbe wa Frankenstein atumie siri ya uhai wake kuwahuisha. Anna anaona heri kiumbe huyo auawe. Van Helsing anakataa, kwa kuwa hamwoni kuwa mwovu.

Ubora

Filamu inafungua kwa picha nyeusi na nyeupe, kwa heshima ya filamu za kutisha ambazo Universal ilizitoa miaka ya 1930 na 1940. Kumkutanisha Dracula, kiumbe wa Frankenstein na watu wanaogeuka mbwa mwitu katika hadithi moja kunafuata desturi ya filamu hizo. Hensley aliigiza akiwa amevalishwa na kupakwa vipodozi, na uso wake unaonyesha huzuni na woga. Kwa sababu hiyo swali la kumuua au kumwacha hai lina uzito kwa mtazamaji. Carl, mtawa mvumbuzi wa silaha, analeta ucheshi.

Kasoro

Viumbe wengi wengine walitengenezwa kwa kompyuta, na hasa mbwa mwitu wanaonekana wepesi, kana kwamba hawakanyagi ardhi. Mapigano yanafuatana bila mapumziko kwa zaidi ya saa mbili, na mtazamaji huzoea hatari badala ya kuiogopa. Velkan, kaka yake Anna, anageuka kuwa adui, lakini msiba huo unapitishwa haraka. Mapenzi ya Anna na Van Helsing nayo hayapati nafasi ya kukua, hivyo kifo cha Anna mwishoni hakiumizi kama kilivyokusudiwa.

Mapokeo

Filamu ilitolewa Marekani tarehe 7 Mei 2004. Iligharimu takriban dola milioni 160 na kuingiza takriban dola milioni 300 duniani kote. Wahakiki wengi waliikosoa kwa kutegemea mno picha za kompyuta. Roger Ebert, kinyume chao, aliipa nyota 3 kati ya 4. Mwaka huohuo ilitoka filamu fupi ya katuni, Van Helsing: The London Assignment, inayosimulia matukio ya kabla ya hadithi hii.