Kabla ya Kipimo

Nilipokuwa darasa la tatu, mama alikuwa na siku za giza. Alijifunga khanga kichwani, akafunga dirisha, akatuomba tusipige kelele. "Malaria imepanda," alisema. Mpanda tuliyokulia, kichwa kikiuma, jibu lilikuwa hilo.

Hatukuwa wajinga. Malaria ni tishio la kweli Katavi, na wakati huo zahanati nyingi zilitibu kwa kukisia. Hadi 2001 dawa ya kwanza nchini ilikuwa klorokwini, ikafuata SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Mama alizimeza zote kwa zamu yake. Dawa zilibadilika, kichwa kikarudi kila mwezi.

Kumbe Kiswahili kilikuwa na jina tayari: kipandauso. Maumivu yanayodunda, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu, huku mwanga na sauti vikigeuka adhabu. Bibi alilijua neno hilo, ila hakuna aliyemuuliza. Mwaka 2004 jarida la Cephalalgia lilichapisha utafiti wa nyumba kwa nyumba kusini mwa Tanzania, na kipandauso kilikutwa huko vijijini, kwa wanawake zaidi ya wanaume. Haukuwa ugonjwa wa watu wa mjini.

Kipimo cha haraka cha malaria kilipofika kwetu, tone la damu lilisema mama hana malaria. Kwa mara ya kwanza muuguzi alilazimika kuuliza swali la pili: kinaumaje? Mama akajifunza kumeza dawa ya maumivu mapema, na kutoizidisha, maana ikimezwa siku kumi au zaidi kila mwezi, yenyewe huweza kuleta maumivu.

Lakini jina nalo linaweza kupumbaza. Mwaka jana alinipigia simu chuoni: "Mwanangu, hiki si kile changu." Kilikuja ghafla, kama kapigwa rungu, na ulimi mzito. Nilimwambia asilale, aende hospitali sasa hivi. Alikutwa na shinikizo la juu sana la damu, akatibiwa.

Kichwa kinachokuja kwa kishindo, chenye homa na shingo ngumu, mkono uliolegea, au kilichofuata ajali, hakisubiri kesho. Zamani tulikosea kwa kuita kila kichwa malaria. Tusikosee tena kwa kuita kila kichwa kipandauso.