Mchezo Uleule, Serikali Nyingine

Mwaka 1943 serikali ya kikoloni nchini Uganda ilitunga sheria ya michezo ya jukwaani na burudani za hadhara. Kiini chake kilikuwa kibali: anayetaka kuonyesha mchezo hadharani aombe ruhusa kwanza. Sababu ya hofu hiyo haikuwa ngumu kuielewa. Gazeti humfikia anayejua kusoma, lakini mchezo humfikia kila mwenye macho na masikio, tena huwakuta watu wameketi pamoja, kila mmoja akisikia kicheko cha jirani yake na kutambua kwamba hayuko peke yake katika anayoyawaza. Uhuru ulipofika mwaka 1962 bendera ilibadilishwa, ila sheria hiyo ilibaki.

Ili tuelewe jinsi kazi ya sanaa inavyoweza kupokewa kwa shangwe leo na kwa bunduki kesho, tuufuate mchezo mmoja wa Kiganda wenye nyimbo nyingi, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko, wa mwandishi Byron Kawadwa, aliyeliongoza kundi la Kampala City Players. Muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Kisa chenyewe ni cha mtu wa chini anayejipenyeza kwenye ufalme na kunyakua madaraka kwa hila.

Kisa hicho hakikuzuka hewani. Mei 1966 majeshi ya Rais Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalilishambulia Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1967, Obote alizifuta falme zote. Waganda walibaki na msiba usio na matanga, kwa maana mfalme wao alikuwa amezikwa ugenini na kumlilia waziwazi kulikuwa hatari.

Kisha, tarehe 25 Januari 1971, Amin alimpindua Obote. Miezi michache baadaye aliruhusu mwili wa Mutesa urudishwe na kuzikwa Kasubi, na Buganda ikampenda kwa hilo. Wankoko alipanda jukwaani mwaka huohuo. Watazamaji hawakuhitaji kuambiwa mnyang'anyi yule ni nani. Walimwona Obote, wakacheka. Serikali nayo haikuwa na sababu ya kununa, kwani aliyekuwa akidhihakiwa ni adui wake aliyekwisha kukimbilia Tanzania. Kwa hiyo mchezo wenye ukali wote ule ulipita kama burudani njema.

Hapa inafaa kutazama upande wa magharibi, maana Uganda haikuwa sikio moja. Katika bonde la mto Nyamwamba, ambako leo ni Divisheni ya Bulembia ya mji wa Kasese, machimbo ya shaba ya Kilembe yaliyoanza kazi miaka ya 1950 yalikuwa yamewakusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini. Wenyeji wa milima ya huko, Wakonzo, walikuwa na historia yao na wafalme. Kwa miongo mingi walikuwa wametawaliwa na ufalme wa Toro, na mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake walijitenga nao, wakaanzisha harakati za Rwenzururu. Kwa mtu wa huko, kuanguka kwa ufalme mwaka 1967 kulimaanisha pia kuanguka kwa Toro. Sidhani kwamba angecheka pale alipocheka mtu wa Mengo. Huenda angejiuliza kama kila anayempinga mfalme ni mnyang'anyi.

Miaka sita ikapita, na Amin wa 1977 hakuwa yule wa 1971. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, bidhaa zimeadimika, watu wakipotea. Waandishi walijihami kila mmoja kwa namna yake: John Ruganda alihamia Kenya, naye Robert Serumaga alitengeneza Amayirikiti, mchezo unaoigizwa kwa mwili bila maneno, kwa sababu mkaguzi hawezi kupiga mstari chini ya sentensi isiyokuwepo. Kawadwa, ambaye wakati huo alikuwa akiliongoza Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, aliendelea na maneno. Uganda ilipoalikwa kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC, lililofanyika Lagos kuanzia Januari 15 hadi Februari 12, 1977, mchezo uliopelekwa kuiwakilisha nchi ulikuwa Wankoko.

Mbele ya wageni wale wa dunia nzima, mnyang'anyi aliyeshika kiti kisicho chake hakuwa tena Obote. Aliyekuwa na kiti sasa alikuwa Amin, aliyekipata kwa vifaru. Muda mfupi baada ya kundi kurejea, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama na akauawa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wanaoeleza kifo hicho hawakubaliani katika yote. Maelezo ya kawaida ni kwamba mchezo wenyewe ndio ulioudhi. Maelezo hayo yana nguvu, lakini yakisimama peke yake hayatoshi, kwani serikali ndiyo iliyoupeleka Lagos. Maelezo ya pili hutazama kalenda. Tarehe 16 Februari 1977, siku nne baada ya tamasha kufungwa, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na msako ukaenea nchini. Katika wiki kama hizo haikuhitajika hoja ndefu ili mtu afe. Neno la mchongezi lilitosha. Mimi naona sababu hizo mbili zinashikana: mchezo ulitoa kisingizio, na majira yakakifanya kiue.

Mwaka huohuo Kenya ilikuwa na mkasa wake. Julai 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Makerere, alizindua riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye kuwashambulia vikali matajiri wa baada ya uhuru. Mgeni rasmi alikuwa Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha, na hakuna aliyekamatwa. Lakini Oktoba 2, kijijini Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, ulianza mchezo wa Kikuyu alioandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda. Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wenye viti zaidi ya 2,000. Vijana walipanga vijiti vya kiberiti chini kuonyesha jukwaa litakavyokaa, ndipo likajengwa. Ndani ya mchezo, mfanyakazi wa shamba, Kĩgũũnda, ameitundika ukutani hati ya ekari moja na nusu aliyo nayo, na mwishowe anaipoteza kwa mkopo wa benki ili afunge ndoa ya kanisani yenye fahari.

Novemba 16 kibali kilifutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba, akafungwa Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe. Wapo wanaosema kosa lilikuwa maudhui, yaani ardhi, kanisa na wenye viwanda. Lakini riwaya ilisema mambo hayohayo ikashangiliwa. Ngũgĩ mwenyewe alishikilia kwamba tofauti ilikuwa lugha na hadhira, na ushahidi unamuunga mkono: wenye shamba hawakutishwa na kitabu, walitishwa na vibarua wao wenyewe kupanda jukwaani.

Mei 2022 mchezo huohuo ulionyeshwa katika Jumba la Maonyesho la Taifa jijini Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, pasipo polisi kuja kufunga milango. Ni rahisi kusema kwamba dola imestaarabika, na kwa kiasi imestaarabika kweli. Ila tukumbuke kwamba vibarua wa Limuru hawakuwa tena wenye jukwaa, na watazamaji walikuwa wakaazi wa jiji waliokata tiketi.

Uganda nayo ilihamishia hasira zake mahali pengine. Februari 2005 Baraza la Habari lilizuia mchezo wa Mmarekani Eve Ensler unaohusu miili ya wanawake, na mwaka 2014 ikaja sheria dhidi ya ponografia, ambayo Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Hata hivyo wafalme walikuwa hawajaondoka kwenye habari. Mwaka 2009 serikali iliutambua rasmi ufalme wa Rwenzururu, na Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, akavikwa taji. Kisha, Novemba 27, 2016, majeshi yalishambulia kasri lake mjini Kasese. Watu zaidi ya 100 walikufa katika mapigano ya siku mbili, na mfalme akakamatwa.

Kijana wa Bulembia akiupata leo mchezo wa kasri na mnyang'anyi, hatahitaji kuelezwa mambo ya Mengo. Babu yake angeweza kumshuku mfalme aliye jukwaani, kwa kuwa alimjua wa Toro. Yeye atamtazama na kumkumbuka mtu wa ukoo, au jirani, aliyekuwa ndani ya ua siku ile.